Vipindi vya Alistidia

Rugaibula alikuwa bwana shamba wa kahawa wilayani Muleba kwa miaka thelathini na mmoja. Amestaafu miaka sita sasa, lakini hapa kwetu Ijuganyondo watu bado humwita Bwana Shamba, hata wale ambao hawajawahi kumwona na mche mkononi. Mimi wananiita Mwalimu, na nyumba yangu iko juu kidogo ya kwake. Vibanja vyetu, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vimetenganishwa na mstari wa miti midogo ya mpaka tu, na nikisimama jikoni kwangu naona mlango wake wa nyuma, banda la ng'ombe wake wawili, na sasa naona kaburi la mke wake chini ya migomba.

Mke wake aliitwa Alistidia. Alikuwa fundi cherehani. Nguo za kipaimara za usharika wetu zilipita mikononi mwake kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke wa maneno. Mume wake ni mtu wa kujibu "ndiyo", "hapana" na "tutaona", kwa hiyo ukiwasikia kwa mbali ungedhani mama yule anaongea na simu. Mtoto wao mmoja, Kamala, anafanya kazi Dodoma.

Alistidia alikuwa na kitu kimoja ambacho hakutaka kusumbuliwa nacho, nacho ni tamthilia ya saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ilihusu familia moja ya Tanga iliyokuwa na hoteli. Hoteli iliungua, baba mwenye hoteli akamfunga mpishi wake kwa kosa hilo, na binti yake mkubwa, Tausi, alijua kwamba aliyewasha moto ni mume wake yeye Tausi. Miezi na miezi watu walikuwa wanangoja Tausi amwambie baba yake. Sisi wanawake tukikutana kisimani au baada ya ibada tulikuwa tunaulizana hilo kama vile Tausi ni mtoto wa mtaani kwetu.

Mwezi wa kumi mwaka juzi, figo za Alistidia zilianza kushindwa. Madaktari wa Bukoba walimwandikia aende Mwanza. Mdogo wake, Joanitha, alitoka Kishanda, huko Muleba, akaenda kumuuguza. Rugaibula ana nyonga mbovu tangu alipoanguka na pikipiki ya serikali kazini, na ng'ombe hawawezi kuachwa peke yao, kwa hiyo yeye alibaki. Asubuhi ya safari nilikwenda kuwaaga. Alistidia alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, miguu imevimba, begi limefungwa. Alimwambia mume wake mbele yangu:

"Unirekodie. Zote. Na usiangalie, maana najua utakuja kuniharibia."

"Mimi niangalie nini," Rugaibula akasema.

King'amuzi chao alikinunua Kamala. Kilikuwa na tundu la kuchomeka diski, na ukikiagiza kinarekodi kipindi chenyewe kwa saa uliyopanga. Rugaibula alikipangia, lakini hakukiamini. Kila jioni, saa moja kasoro dakika kumi, alikuwa anasimama mbele ya televisheni na rimoti mkononi mpaka aone ile alama nyekundu imewaka. Ikishawaka anazima sauti, anatoka, anakaa kwenye ngazi za nje mpaka saa moja na nusu, kisha anarudi kuhakikisha imezimika. Jioni moja waya wa umeme wa nyumba yake uliungua kwenye mita. Nilimwona anapanda kwangu amebeba king'amuzi na diski mikononi kama mtu aliyebeba mayai. Tukakichomeka kwenye televisheni yangu. Mimi nilikaa nikaangalia. Yeye aligeuza kiti akatazama ukuta nusu saa nzima.

"Ta Rugaibula, waitu, mzee wangu, geuka tu," nilimwambia. "Nani atamwambia?"

"Alisema nisiangalie."

Saa mbili usiku alikuwa anapiga simu Mwanza. Simu zenyewe hazikuwa ndefu. Anamuuliza amekula nini, wamemwambia nini. Alistidia anamuuliza ng'ombe, kahawa, nani amekufa, nani ameolewa. Mwishoni anauliza, "Umerekodi?" Naye anajibu, "Nimerekodi." Ikawa hivyo mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili, mpaka wa kwanza. Alikwenda kumwona mara tatu, na kila alipokwenda mimi ndiye niliyeachiwa rimoti na maelekezo yameandikwa kwenye karatasi.

Mwezi wa pili, Jumatano ya tarehe tano, Alistidia hakuuliza kama amerekodi. Alisema, "Leo niambie. Tausi amemwambia baba yake?"

Rugaibula akajibu, "Nimerekodi. Utaangalia mwenyewe."

Alistidia akasema, "Haya." Ndipo akampa Joanitha simu.

Alhamisi na Ijumaa hakuweza kuongea. Rugaibula alirekodi siku zote mbili. Jumapili alfajiri Joanitha alipiga simu kwamba dada yake amefariki.

*

Nimeona wanaume wengi wakifiwa na wake zao. Wengine wanalia, wengine wanakunywa, wengine wanagombana na ndugu. Rugaibula hakufanya lolote kati ya hayo. Mwili ulipofika alipokea. Mchungaji alipomuuliza wimbo alioupenda marehemu alitaja namba, na baada ya dakika tano akaulizwa tena akataja namba ileile kwa sauti ileile. Wakati wa kuweka udongo aliweka udongo. Wanawake wa Kishanda waliokuja msibani hawakupenda. Nilimsikia mmoja anamwambia mwenzake kwamba huyu mwanamume hata jicho halijawa jekundu. Joanitha ndiye aliyewanyamazisha.

Nyumba ilijaa watu kwa siku nne. Mtu mmoja alichomoa waya za televisheni apate mahali pa kuchajia simu, na mwingine akaichukua ile diski akaiweka kwenye droo ya cherehani isije ikakanyagwa. Baada ya matanga watu waliondoka, Kamala akarudi Dodoma, Joanitha akarudi Kishanda. Rugaibula akabaki na ng'ombe wake.

Nilikuwa nampelekea chakula. Siku nyingine nilikuta ebitoke vya jana, zile ndizi za kupika, bado viko kwenye sufuria, amekula upande mmoja vikiwa baridi, hakuvipasha. Nikimsalimu anaitikia. Nikimuuliza amelalaje anasema amelala. Hakuwa mgonjwa na hakukonda sana. Ng'ombe walikuwa wanakamuliwa kwa wakati. Ila ukikaa naye ulikuwa unahisi kama umekaa kwenye chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo.

Mwezi wa nne mvua zilikuwa za radi. Radi moja ilipiga nguzo ya barabarani mchana, ikaingia kwa waya nyumbani kwake, ikaunguza televisheni na king'amuzi. Kamala akasema atatuma vingine. Rugaibula akamwambia asitume. Ilipita wiki tatu hivi, asubuhi moja akaja kwangu ameshika ile diski, ameitoa kwenye droo ya cherehani.

"Mwalimu," akasema, "kompyuta inaweza kusoma hii?"

Mimi kompyuta naijua kwa kuiona. Nilimwambia ajaribu. Yeye alikuwa na kompyuta yake ya mezani, aliyonunua miaka ya mwisho ya kazi kwa ajili ya kuandika taarifa za miche. Nilimfuata nyumbani kwake, si kwa sababu ya kompyuta, bali kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba yeye kuniuliza kitu.

Diski ilisomwa. Majina ya mafaili yalikuwa na tarehe na saa, na kila kipindi kilikatwa vipande viwili, kwa sababu king'amuzi kilikuwa hakiwezi kuandika faili refu kupita kiasi fulani. Rugaibula alishuka moja kwa moja hadi tarehe tano ya mwezi wa pili, akalifungua. Sauti ikatoka safi kabisa. Picha ikasimama. Uso wa mwanamke ukaganda, mdomo wazi, kisha ukavunjika vipande vya mraba, kijani na zambarau, halafu ukatokea uso mwingine wakati sauti imeshafika mbali. Mtu alikuwa anapaza sauti, hatukujua nani. Mlango ulifungwa na sisi tulikuwa bado tunaangalia mkono wa mtu ukiwa hewani.

Aliangalia hivyo mpaka mwisho, vipande vyote viwili. Kisha akazima.

"Sikuelewa," akasema.

"Ta Rugaibula, kwa nini umeanza na hilo?"

Ndipo aliponieleza ile simu ya Jumatano. Aliieleza kama anavyoeleza ugonjwa wa mnyauko kwa wakulima, maneno aliyoyasema yeye, maneno aliyoyasema mkewe, basi. Hakuongeza kitu. Mimi nikaenda kuwasha moto wa chai.

*

Mjini Bukoba, mtaa wa nyuma ya soko, kuna mama mmoja anaitwa Nuriat. Ana duka la kutoa fotokopi na kuchapa barua, na pembeni anatengeneza kompyuta. Watu wao walikuja kutoka pwani enzi za babu zake wakafungua maduka hapa, lakini yeye ni wa Bukoba, Kihaya anakiongea kutuzidi wengine. Rugaibula alifunga kompyuta kwa shuka, akaipakata kwenye bodaboda mpaka dukani kwa Nuriat. Mimi nilikuwa naenda sokoni, nikapitia hapo.

Nuriat alimwamkia, akaifungua kompyuta ubavuni, akapuliza vumbi la miaka yote.

"Baba, diski yako haina tatizo," alisema baada ya kujaribu. "Na mafaili hayajafungwa kwa siri, una bahati, ving'amuzi vingine vinafunga mtu asiweze kuangalia popote. Tatizo ni kwamba hii ni HD. Picha nzito. Kompyuta inatakiwa kuzifungua picha hamsini kila sekunde, na hii ya kwako kichwa chake hakiwezi. Ndiyo maana sauti inakwenda na picha inabaki."

"Nikinunua king'amuzi kingine?"

"Usithubutu kuichomeka hii diski huko. Vingi kitu cha kwanza kinachotaka ni kuifuta ndiyo kianze kuandika vyake. Ukibonyeza kukubali tu, vyote vimekwenda."

Rugaibula aliivuta diski akaisogeza karibu na yeye juu ya meza. Nuriat aliona, akatabasamu.

Kazi ilichukua siku mbili. Aliongeza kumbukumbu, akachomeka kadi ya picha iliyotumika, ambayo alisema inaweza kufungua HD yenyewe bila kukitegemea kichwa cha kompyuta. Akaweka programu ya kuchezea video na kuielekeza itumie hiyo kadi. Akamwambia asichezeshe kutoka kwenye diski ya nje kwa sababu tundu lake ni la zamani na linapitisha polepole. Anakili faili kwanza ndani ya kompyuta, ndipo afungue. Kulikuwa bado na kasoro moja: watu wakitembea, pembeni mwao palitokea mistari myembamba kama meno ya kitana. Nuriat alisema ndivyo stesheni zinavyotuma, picha nusu nusu, mstari mmoja ndani mmoja nje, na televisheni huziunganisha zenyewe. Akabonyeza mahali kwenye programu, mistari ikaondoka.

Kwenye skrini alisimama mwanamke wa makamo amevaa gauni la rangi ya machungwa. Picha ilikuwa safi mpaka ukaona uzi wa pindo la shingo.

"Huyo ni nani?" Rugaibula akauliza.

"Baba, umerekodi vipindi themanini na kitu na hujui huyo ni nani?"

"Sikuviangalia."

Nuriat alinitazama. Nikamwashiria aache.

Rugaibula alilifungua tena lile faili la tarehe tano nyumbani, sasa picha inakwenda vizuri. Aliniambia bado hakuelewa. Watu walikuwa wanakaa mezani, wanatoka, wanapigiana simu, na yeye hakujua Tausi ni yupi kati ya wanawake watatu, wala baba ni yupi kati ya wazee wawili. Mwanamke mmoja alilia na mwingine akafunga pazia. Kwa hiyo akarudi kwenye faili la kwanza, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi, akaanza kutoka hapo.

Aliangalia vipindi viwili kila siku, baada ya chakula cha mchana, akikaa wima kwenye kiti cha mbao mbele ya meza. Kwanza ananakili, halafu anangoja, halafu anaangalia. Kipande cha kwanza kikikatika katikati ya neno anafungua cha pili. Nilipita mara kadhaa. Hakucheka penye kuchekesha. Yule mpishi alipofungwa, mke wake akaja na mtoto mgongoni getini, mimi nilijifuta machozi ingawa nilishaiona. Yeye alikuwa anatazama kama mtu anayengoja namba yake isomwe benki.

Nilimuuliza siku moja, "Inakupendeza?"

"Hapana."

"Inakuuma?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, maana alichukua muda. "Hapana," akasema. "Hakuna kitu, Mwalimu. Naangalia tu."

Kamala alipiga simu kutoka Dodoma akasikia kwa watu kwamba baba yake anaangalia tamthilia mchana kutwa, akaogopa, akanipigia mimi. Nilimwambia si mchana kutwa, ni saa moja. Nikamwambia amwache.

Mwishoni mwa mwezi wa sita alifika tarehe tano. Alikuja kunitafuta nikiwa naanika maharage. Alisimama pale ukingoni mwa mkeka.

"Hajamwambia," akasema.

"Nani?"

"Tausi. Amesimama mlangoni, baba yake akamuuliza, una nini? Akasema, hakuna, baba, chakula kipo mezani. Ikaishia hapo." Akaokota harage lililodondoka akalirudisha mkekani. "Ningesema hivyo tu. Hajamwambia. Ni neno moja."

Nilimkaribisha akae. Hakukaa. Alirudi kwake kwa njia ya chini, ile inayopita kaburini, lakini hakusimama hapo. Nilikuwa naangalia.

*

Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba alisafiri kwenda Kishanda. Alisema anakwenda kumsalimia muramu wake, yaani shemeji yake Joanitha, na ni kweli alikuwa hajafika huko tangu msiba. Nilibaki na ng'ombe. Niliyoyasikia ya Kishanda nimeyasikia kwa wote wawili, na hayapishani.

Joanitha alikuwa anapalilia. Aliacha jembe akampokea, akampa akamwani, buni zilizokaushwa, atafune, akampa maji ya kunawa na kikombe cha chai. Waliongea habari za watoto, za mazao, za barabara. Kisha Rugaibula akamweleza kilichomleta. Alisema, dada yako usiku ule wa Jumatano aliniuliza kitu, mimi sikumjibu, na sasa nimekijua, kwa hiyo nimekuja nikuambie wewe uliyekuwa naye.

Joanitha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Muramu," akasema, "Alistidia alikuwa anajua."

"Alijuaje?"

"Tuliiangalia. Mama wa kitanda cha pili alikuwa na simu kubwa, mwanawe alikuwa amemwekea bando. Jioni ile alituita, tukaangalia wote watatu, mimi nimeishika simu, shingo iliniuma. Tausi hakusema kitu. Alistidia alimtukana."

Rugaibula aliweka kikombe chini. "Kama alijua, kwa nini aliniuliza?"

"Alitaka usimulie. Kabla hujapiga simu aliniambia, ngoja leo nimsikie huyu mzee akisimulia maigizo. Alidhani huwa unaangalia kwa kujificha."

"Sikuwa naangalia."

"Najua. Na yeye alijua baada ya hapo. Tulipokata simu tu alianza kucheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, waitu. Alisema, amerekodi! Akarudia, amerekodi! Akacheka mpaka akakohoa, nikamwinua nikampa maji. Halafu akalala."

Joanitha anasema kuku waliingia mpaka ndani na hakuna aliyewafukuza. Halafu Rugaibula aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Msibani? Nije nikwambie kwamba marehemu alikucheka?"

"Ndiyo," Rugaibula akasema.

Joanitha akaanza kulia. Yeye alibaki amekaa, mkono wake juu ya goti, akimtazama mwanamke yule analia, na aliniambia baadaye kwamba alijua anatakiwa kufanya kitu, kumshika bega au kusema pole, akawa anakitafuta hicho kitu na hakioni. Mwisho alisimama akachukua jembe la Joanitha akaenda kumalizia ule mstari wa maharage. Kwa ile nyonga yake. Joanitha alikwenda kumnyang'anya jembe, akakataa, wakapalilia kwa zamu mpaka jua likazama. Alikaa Kishanda siku tatu.

Aliporudi nilimuuliza safari ilikuwaje.

"Barabara nzuri," akasema. Akanieleza mengine yote baadaye, tukiwa tunakamua.

Kompyuta haikuwashwa wiki nyingi. Kahawa ilikuwa imeiva na yeye alikuwa amechelewa kuvuna. Bwana shamba mzima, buni zinakauka mtini. Joanitha alisikia akaja mwezi wa nane na binti yake mkubwa kusaidia kuchuma. Walikaa kwangu, kwa sababu nyumba ya mwanamume mpweke ina maneno yake, lakini mchana kutwa walikuwa kwake. Walichuma wiki nzima. Kahawa ilianikwa kwenye turubai mbele ya nyumba, nyekundu upande mmoja, nyeusi upande mwingine.

Siku ya Ijumaa mvua ilituwahi. Tuliikunja turubai mbio mbio, tukaivuta barazani, tukaingia ndani tumelowa. Hakukuwa na la kufanya. Joanitha aliiona kompyuta mezani imefunikwa kitambaa.

"Ndiyo hiyo yenye vipindi?"

"Ndiyo."

"Tuwekee basi. Mimi vya mwezi wa kumi sikuviona, tulikuwa ndiyo tunahangaika na vipimo."

Rugaibula alitoa diski, akanakili faili la tarehe kumi na nne, tukangoja. Akatusogezea viti. Alipofungua, Joanitha alianza kuongea kabla hata jina la tamthilia halijapita: huyu mnamwona hivi hivi, ni mchawi, huyu kaka anadanganya, gauni hilo Alistidia aliwahi kumshonea bibi harusi wa Kashozi, lilelile, mshono uleule. Binti yake akamwambia anyamaze tusikie. Hakunyamaza. Mvua ilikuwa inapiga bati na sauti ya kompyuta ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulikuwa tunamsikia Joanitha kuliko tamthilia.

Nilimtazama Rugaibula. Alikuwa amekaa palepale, wima, uso uleule wa siku zote tangu mwezi wa pili. Akanyoosha kidole kwenye skrini, kwa mwanamke aliyekuwa anashuka ngazi za hoteli.

"Huyu," akasema, "simpendi."

"Kwa nini?" Joanitha akamgeukia.

"Anajua na hasemi."

"Muramu, huyo si Tausi. Huyo ni shangazi yao."

"Shangazi?" Alisogea mbele akaangalia vizuri. Alikuwa ameshaangalia vipindi vyote themanini na tano. "Huyu ni shangazi?"

"Tangu mwanzo!"

Mvua ikapungua. Binti wa Joanitha akatoka kuangalia turubai, akaita kwamba maji yanaingia upande wa chini, tukanyanyuka wote kwenda kuinua kahawa. Rugaibula alibaki nyuma kidogo asimamishe picha isije ikatupita, ndipo akaja akashika pembe yake ya turubai.